Kabla hujafunga safari, funga maji

Maji ya Mombasa yana tabia ya kuja usiku wa manane, tena bila hodi. Kila mwenye nyumba, awe kisiwani, Kisauni, Changamwe au Likoni, anaijua sauti yake. Mfereji hukohoa kwanza, ukatoa upepo, kisha ukatema maji ya rangi ya chai, halafu ndipo maji yenyewe yanapoanza kutoka kwa nguvu. Aliyeko nyumbani huamka akajaza ndoo na mitungi. Aliyesafiri akaacha mfereji wazi, huyo maji humjazia sebule.

Kisa hiki hakuna mtaa usiokuwa nacho. Watu wa nyumba wanakwenda harusini Lamu, na siku ya kuondoka maji yamekatika. Mtoto anakwenda kunawa mikono, anafungua mfereji, hautoi kitu, anauacha vile vile, maana mfereji mkavu haumkumbushi mtu kuufunga. Sahani mbili zimebaki kwenye sinki, zimeziba tundu. Mabegi yanatolewa, mlango unatiwa kufuli mbili, watu wanakwenda zao. Usiku wa tatu maji yanarudi. Wa kwanza kupata habari ni jirani wa ghorofa ya chini, anapoamka alfajiri akaona dari yake imechora ramani na taa inadondosha maji.

Makala ya mambo ya nyumba yanayotufikia kutoka Ulaya na Marekani huonya sana juu ya mabomba kupasuka kwa baridi ya barafu. Sisi barafu tunaijua ndani ya glasi. Hatari yetu ni nyingine: nyumba yenye maji ya mgao ni rahisi kufurika kuliko nyumba yenye maji saa zote. Penye maji saa zote, mfereji uliosahauliwa hujisema wenyewe, unausikia ukimwaga. Penye mgao hukaa kimya mpaka uondoke.

Na mgao hauondoki kesho. Mombasa haina mto wala ziwa lake. Maji yake yanasafiri kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na kutoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na Tiwi. Maadamu hayatoshi watu wote kwa wakati mmoja, yatazidi kuja kwa zamu, na zamu hiyo si kitu cha kukitegemea ukiwa umekaa Madina au Muscat.

Tufanye hesabu kidogo. Mfereji wa kawaida uliofunguliwa wote, presha ikiwa nzuri, hutoa kama lita 10 kwa dakika. Hizo ni lita 600 kwa saa. Maji yakija kwa saa 6 tu za usiku, zimetoka lita 3,600, sawa na mitungi 180 ya lita 20. Mlipe hamali akuletee mitungi 180 kwa mkokoteni, kisha mwambie aimwage yote katikati ya zulia. Na mita yako itakuwa inazunguka muda wote huo, kwani mita haijui maji yaliyonywewa na maji yaliyopotea. Utarudi ukute uharibifu na bili yake.

Koki mbili, si moja

Dawa ya kwanza kila mtu ataitaja: funga koki ya mita kabla hujatoka. Ni kweli, lakini ni nusu ya dawa, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Nyumba zetu karibu zote zina tangi juu, kwa sababu ya mgao huo huo. Maji ya kampuni hupanda tangini, yenyewe au kwa pampu, kisha kutoka tangini hushuka kwenda jikoni, bafuni na chooni. Kwa hivyo ukifunga koki ya mita, umezuia maji mapya yasiingie, lakini lita 1,000 au 2,000 zilizoko juu ya kichwa cha nyumba bado zina njia wazi ya kushuka. Mpira wa choo ukipasuka siku ya pili ya safari yako, tangi zima litamalizikia chumbani, na koki yako ya mita imefungwa vizuri kabisa.

Basi ziko koki mbili za kufunga. Ya kwanza ni ya mita, maji yasiingie. Ya pili ni ile iliyo kwenye paipu inayotoka tangini, mara nyingi juu darini, chini ya tangi lenyewe. Baada ya kufunga ya pili, nenda jikoni ufungue mfereji. Ukitoa maji kidogo kisha ukakatika, umefunga sawasawa. Ukiendelea kutoa, ama koki imechoka au kuna njia nyingine ya maji usiyoijua, na ni bora uijue leo kuliko jirani aje kuijua wiki ijayo. Ukishaona mfereji umekatika, ufunge. Usiuache wazi kwa kuwa eti maji yamefungwa. Atakayekuja kufungua koki siku ya kurudi huenda si wewe.

Walio kwenye fleti wana shida yao. Pengine tangi ni la jengo zima na liko chini ya mikono ya mlinzi au wakala wa mwenye nyumba. Hata hivyo fleti nyingi zina koki yake pale paipu inapoingilia, nyuma ya mlango wa bafu, chini ya sinki au kwenye ukumbi wa ngazi. Itafute. Kama haipo kabisa, mwambie mwenye nyumba aitie. Ni kazi ya fundi ya nusu siku, na yeye ndiye atakayeumia wapangaji wa ghorofa tatu wakifurika.

Kuna tatizo la pili la koki, nalo ni letu sisi watu wa pwani. Hewa yetu ina chumvi, na visima vingi karibu na bahari hutoa maji ya chumvichumvi. Koki ya chuma iliyokaa miaka mitano bila kuguswa hushikamana. Siku ya safari gari linakupigia honi nje, wewe unaikaza kwa nguvu zote, mkono wake unakatika au inaanza kuvuja shingoni, na sasa una shida ambayo hukuwa nayo asubuhi. Izoeshe. Kila miezi mitatu minne izungushe ifunge, izungushe ifungue. Ikigoma, mwite fundi wiki mbili kabla ya safari, si siku ya safari. Ukibadilisha, tia ile ya mkono mmoja wa kupindua robo duara: mkono ukiwa sambamba na paipu maji yanapita, ukikata paipu maji yamefungwa. Hata mtu ambaye hajawahi kuiona ataielewa kwa kuitazama.

Pampu nayo ina mambo yake. Nyumba nyingi zina tangi la chini na la juu, na pampu inayojiwasha yenyewe maji ya juu yakipungua. Ni raha ukiwepo. Ukiwa haupo, tundu dogo la paipu juu huwa halimalizi tangi la juu tu; linamaliza na la chini, kwa sababu pampu inazidi kupandisha maji na stima yako. Izime swichi yake. Hilo halina mjadala.

Boya lililochoka

Ndani ya tangi kuna boya, lile dude la duara linaloelea. Maji yakipanda, nalo hupanda, na mkono wake hufunga mlango wa maji. Likitoboka, huzama. Likishika kutu au chumvi, hukwama. Vyovyote vile maji hayafungwi, na tangi hufurika. Tangi likitiwa vizuri huwa na paipu ya kutolea maji yaliyozidi, inayoyamwaga nje mbali na ukuta. Mafundi wengi wanaharakisha kazi, basi paipu hiyo ama haipo, ama inamwagia juu ya slebu, hapo hapo ambapo maji yatatafuta ufa wa kushukia.

Kulipima boya hakuhitaji fundi. Siku maji yanapoingia, panda juu na uliinue boya kwa mkono. Maji yakikata, zima. Ukiliacha likashuka maji yakarudi, ni zima pia. Likiwa zito mkononi na linachezacheza maji ndani, limetoboka. Libadilishe siku hiyo hiyo.

Ukiwa juu huko, chukua chaki au kalamu, weka alama pale maji yalipofikia. Usiku, watu wote wakishalala na mitungi ikishajazwa, funga maji yasiingie. Alfajiri tazama alama. Kama maji yameshuka na hakuna aliyeyatumia, nyumba inavuja mahali. Mara tisa katika kumi ni choo. Hilo nalo lina kipimo chake, na vifaa viko jikoni: tia rangi ya biriani kidogo ndani ya tangi la choo, usivute, subiri nusu saa. Ukiona rangi imeingia kwenye bakuli la choo, mpira wa ndani hauzibi.

Na hapo hapo chooni, shika ule mpira mwembamba unaounganisha paipu ya ukutani na tangi la choo. Kuna wa namna hiyo chini ya sinki, kwenye mashine ya kufua na kwenye hita. Huu ndio mahali pa kwanza kupasuka katika nyumba, kwa kuwa unabeba presha mchana na usiku na ndio kitu cha bei rahisi kuliko vyote ambacho fundi hununua. Ukiona uvimbe, kutu kwenye waya wake wa nje, au unyevu kwenye kofia zake, usiuonee huruma. Mashine ya kufua ina koki yake nyuma. Ifunge hata ukienda safari ya siku mbili.

Maji ya mbinguni, na Hija inayohama

Maji ya kampuni una koki ya kuyafungia. Ya mvua hayana koki, nayo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi kwa miaka hii tuliyomo.

Kalenda ya Hijria hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka ukiilinganisha na hii ya Januari mpaka Disemba. Kwa miaka mingi Hija iliangukia kiangazi cha Julai, Agosti, Septemba, mvua kubwa ikiwa imepita. Sasa imerudi ndani ya masika. Mwaka 2026 inaangukia mwisho wa Mei, 2027 katikati ya Mei, 2028 mwanzo wa Mei, kisha inaingia Aprili. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote pwani yetu. Yaani kwa miaka kadhaa inayokuja, mahujaji wetu watakuwa wakizifunga nyumba zao kwa wiki tatu, nne, au zaidi, wakati ule ule ambao nyumba inahitaji mtu wa kuitazama. Wazee wetu waliohiji miaka 10 nyuma hawakuwa na haja ya kufikiria hili, kwa hivyo hawatatukumbusha.

Wa safari za Disemba nao wasijione wamesalimika. Vuli huanza Oktoba na inaweza kujivuta mpaka Disemba, na vuli ya 2023, mwaka wa El Niño, ilituonyesha kwamba mvua ndogo kwa jina si ndogo kwa vitendo.

Sasa panda tena juu. Nyumba nyingi za mjini zina slebu bapa iliyozungushiwa ukuta mfupi, na maji yake hutoka kwa tundu moja au mawili yanayoelekea kwenye mlizamu. Tundu hilo ndilo roho ya nyumba wakati wa mvua. Linazibwa na majani ya mwarobaini na mkungu, mifuko, matambara yaliyopeperuka kwenye kamba ya nguo, na zaidi ya yote kunguru. Kunguru wa Mombasa ni mshirika wa mafundi wote wa dari. Hakuna siku asiyoleta mfupa, kijiti au kipande cha waya, na akiona mahali palipotulia kwa wiki mbili bila binadamu hujenga.

Tundu likiziba, slebu inakuwa birika. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi slebu ya mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 50 ikinyesha, imepokea lita 5,000. Zikikusanyika juu mpaka kina cha sentimita 10, ni lita 10,000, nazo ni tani 10 za uzito zilizokaa juu ya nyumba yako. Slebu nzuri itazibeba, lakini haitazizuia kupita: maji yaliyosimama siku tano hupata ufa ambao maji yanayopita hayaupati.

Kwa hivyo, siku chache kabla ya kuondoka, fagia juu. Ondoa vyote, hata vile viti vibovu na vipande vya mabati unavyovihifadhi kwa matumizi yasiyojulikana. Mwaga ndoo tatu za maji mbali na tundu, usimame utazame yanakokwenda. Yakisimama mahali, hapo pana bonde la kuzibwa. Tia wavu wa chuma kwenye mdomo wa tundu, wenye matundu makubwa kiasi. Wavu mwembamba wa dirisha usitie, kwani majani mawili yanauziba. Kisha shuka uone mlizamu unamwaga wapi. Ukiwa unamwaga kwenye mguu wa ukuta, umeyatoa maji juu ukayaingiza chini.

Walio na mabati watazame misumari; ule mpira chini ya kichwa cha msumari hukauka kwa jua, na chumvi hula tundu taratibu. Walio na makuti wanajua wenyewe: ukilala chini mchana ukaona nyota, usisafiri.

Mji wa Kale ni habari nyingine. Nyumba zetu za mawe, za Mombasa na za Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti ni mti wa ajabu, hudumu vizazi kwa vizazi ukiwa mkavu. Adui yake ni unyevu wa pale ncha yake inapoingia ukutani, mahali usipopaona. Maji yakipenya juu, hushuka ndani ya ukuta mpaka kwenye ncha hiyo, na boriti huoza kutoka ndani huku uso wake wa sebuleni ukiwa safi umepakwa rangi. Na waliopaka kuta hizo saruji juu ya chokaa, kwa kudhani wanaziimarisha, wameongeza tatizo: chokaa hupumua na kuutoa unyevu, saruji huufungia ndani. Kama nyumba yako ni ya namna hii, kabla ya kusafiri wakati wa masika pita chumba kwa chumba, bonyeza ncha za boriti kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, hiyo si kazi ya kungojea urudi, na chumba hicho asilale mtu.

Madirisha, kumbuka upepo. Wakati wa masika upepo ni kusi, na mvua huja imelala ikipigwa kutoka upande wa kusini na baharini. Dirisha la upande huo, hata likifungwa, hupitisha maji kwa chini kama mpira wake umekatika. Sogeza kitanda, kabati na waya za stima mbali nalo. Lakini usiifunge nyumba yote ikawa kama chupa. Vile vitundu vya hewa vya juu viache wazi, na milango ya makabati iache imeachana kidogo. Nyumba ya pwani ikirowa na ikakosa hewa, kuvu huanza ndani ya siku mbili tu, na kanzu nyeupe ikishapata madoa ya kuvu hairudi.

Za chini kabisa ni nyaraka. Hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa, picha za marehemu, misahafu ya zamani: visiwe sakafuni wala katika droo ya mwisho ya kabati. Vitie ndani ya mfuko wa plastiki, juu, katika chumba kisicho chini ya tangi wala bafu. Zulia litaanikwa. Picha ya bibi iliyopigwa miaka 60 nyuma ikishikamana na kioo chake, hakuna fundi wa kuibandua.

Nani ana ufunguo?

Hata ukifanya yote haya, paipu ni paipu. Inaweza kupasuka. Kinachoamua hapo kama hasara ni ya ndoo mbili au ya nyumba nzima ni muda, na muda unategemea nani ana ufunguo.

Desturi yetu ni kumpa ufunguo mtu wa damu. Ni desturi nzuri, ila damu nayo ina umbali wake. Wewe unakaa Tudor, ufunguo uko kwa kaka yako Mtongwe, na maji yameanza kumwagika saa tisa za usiku. Mpaka aamke, apate tuktuk, angoje feri, avuke, apande matatu, jirani wa chini ameshahamisha kitanda. Mpe ufunguo kaka kwa heshima yake, na utoe mwengine umpe jirani wa mlango wa pili, mtu anayeweza kuingia kwako ndani ya dakika kumi akiwa na kikoi chake. Kama jambo la stara linakuzuia, funga vyumba vya kulala na ufunguo wake ukae kwa ndugu. Jirani anahitaji kufika kwenye koki tu, hana haja ya kabati lako.

Na umuonyeshe koki hizo kwa macho. Usimwambie kwa simu "iko pale nyuma". Zipake rangi nyekundu. Andika karatasi moja ubandike nyuma ya mlango wa jikoni: koki ya mita iko wapi, ya tangi iko wapi, swichi kubwa ya stima iko wapi, nambari ya fundi, nambari ya ndugu anayeweza kuamua. Nimeona kwamba katika nyumba nyingi anayejua mahali pa koki ni baba peke yake, na baba ndiye anayesafiri. Mama, vijana, hata msichana wa kazi, wote wafundishwe. Ni somo la dakika tano.

Liko na jambo ambalo watu huona haya kulisema: ruhusa. Jirani akisikia maji yanamwagika ndani ya nyumba iliyofungwa, ataogopa kuvunja mlango. Akiuvunja na kitu kikapotea, ataambiwa nini? Basi atasimama ngazini akikupigia simu ambayo haishiki, kwa sababu uko Mina na umeizima. Mwachie neno mapema, mbele ya mtu wa tatu: ukisikia maji na ufunguo haupatikani, vunja, gharama ni yangu. Neno hilo moja limeokoa dari za watu.

Huyo mwenye ufunguo aombwe kupita mara moja kwa wiki, na baada ya kila mvua kubwa, kwa dakika kumi tu. Apande juu atazame tundu, apite bafuni na jikoni, anuse. Nyumba iliyorowa ina harufu kabla haijaonyesha doa. Zawadi ya tende na maji ya Zamzam ataipata, inshallah.

Wenzetu walioko Oman, Dubai, Uingereza, wenye nyumba hapa wanazozifungua mara moja kwa mwaka, kwao wiki tatu si kitu. Nyumba yao isiachwe na maji hata kidogo. Tangi limalizwe na lifunikwe, mifereji ifunguliwe mpaka paipu zikauke, kisha ifungwe. Choo kivutwe mara ya mwisho. Hapo itazuka kero nyingine: maji yaliyoko kwenye kona ya paipu chini ya sinki na bafu, ambayo kazi yake ni kuzuia harufu, hukauka baada ya wiki kadhaa, na mende na harufu ya shimo hupanda. Mimina maji kikombe kimoja katika kila tundu, kisha vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta huelea na kuyazuia maji yasikauke upesi. Na kama wamelipia bima ya nyumba, wasome mahali palipoandikwa habari ya nyumba isiyokaliwa na watu. Bima nyingi huweka mpaka wa siku, na ukiupita bila kuwajulisha, siku ya dai utaambiwa usome tena.

Siku ya kurudi

Ukirudi, usikimbilie mfereji. Fungua mlango, usimame, unuse. Sakafu ikiwa na maji au dari ikiwa imetota, usiguse swichi yoyote wala usikanyage maji. Mwite mtu wa stima akukatie kwanza. Piga picha za kila kitu kabla hujafuta, kwa ajili ya mwenye nyumba au bima.

Kama ni kukavu, tazama mita. Nambari zilinganishe na picha uliyoipiga kwa simu siku ya kuondoka. Fungua koki ya tangi robo tu, kwa utaratibu, maana paipu zimejaa upepo na ukifungua yote kwa mara moja zitagonga ukutani na viungo vyake vitashtuka. Fungua mfereji ulio karibu zaidi na tangi, uache upige chafya zake mpaka utoe maji sawa, kisha uende wa pili. Maji ya mwanzo yatakuwa mekundu au na harufu. Yapeleke chooni, usiyatie birikani. Pitia chini ya kila sinki kwa mkono mkavu, chooni pia, na nyuma ya mashine ya kufua. Rudi baada ya saa moja upitie tena. Halafu ndio ufungue ile ya mita, na uwaambie watoto kwamba mfereji usiotoa maji nao hufungwa.